Usiache Pipa Likauke

Sofia, mke mwenzangu,

Salaam aleikum huko ulikolala. Nimechukua daftari la zamani la Guyo na penseli, kwa maana haya nikiyasema kwa mdomo majirani watasema Mama Guyo ameanza kuongea na ukuta. Kuna jambo nimelifanya na lazima ulisikie kwangu. Lakini kwanza nikuambie lile ambalo sikukuambia ukiwa hai. Nilikuonea wivu tangu siku uliyoingia katika boma hili na sanduku lako la bati, na nakuonea wivu mpaka leo, ingawa sasa wewe ni mtu wa kuombewa dua.

Nilidhani ukienda utapungua. Umeongezeka. Mzee wetu anakula wali wangu na kusema Sofia alikuwa akiweka iliki. Wanawake wa mtaa wa Bulla Pesa wakija hapa wanasema ulikuwa na mdomo mtamu, kisha wananiangalia mimi. Zamani ningekujibu, ungenijibu, tungenuniana mpaka jioni na mambo yakaisha. Sasa nikijibu naonekana mbaya, kwa sababu marehemu hana kasoro. Kwani ni mimi peke yangu ninayekumbuka jinsi ulivyokuwa ukiunguza maharagwe?

Na kuna lile pipa. Wake wengine wakifiwa na mke mwenza huachiwa mtoto wamlee. Mimi nimeachiwa pipa.

Unajua lilivyokuja. Miguu yako ilipoanza kuvimba magotini, daktari alisema maji ya moto yatakusaidia, na mzee, ambaye alikuwa akipeleka kuni kwa lori lake kwenye kambi za watalii, akakumbuka kwamba wageni kule huketi ndani ya pipa kubwa la mbao lenye jiko ubavuni. Akamtafuta fundi Mwiti, yule Mmeru aliyeyaunda yale ya kambini. Mbao za mtarakwa, zimesimama bega kwa bega bila msumari hata mmoja, mikanda mitatu ya chuma imezikumbatia. Likazungushiwa ua wa mabati. Hapa Isiolo, ambapo maji ya bomba huja yakipenda, mtu mmoja akajengewa pipa la kujaza maji mpaka shingoni. Mimi kwa miaka thelathini nilijengewa rafu ya vyombo, na imeinama upande mmoja.

Kila Alhamisi jioni nilikuwa jikoni nikisikia kuni zinalia na nyinyi wawili mnacheka nyuma ya mabati. Kisha unaita, "Mama Guyo, njoo, maji yamepata moto." Nami najibu, "Mimi naoga kwa beseni kama watu." Hukukosa kuita hata Alhamisi moja, na mimi sikukosa kukataa. Niliona unanikejeli. Siku moja mlipokuwa hampo nilichungulia ndani nikaona viti viwili vya mbao, kimoja juu chenye kishikio, kimoja chini. Nikajua basi, mnaketi pamoja humo, wewe na mume wangu, kama watoto. Sikulala vizuri wiki nzima.

Na dera sijaisahau. Kabla pipa halijaletwa ulikuja na kamba ya katani ukasema unataka kunishonea dera ya Idi. Ukanipima mgongo, ukanipima paja, ukanipima goti mpaka kisigino, ukafunga mafundo. Nikakuuliza ni dera gani hiyo inayopimwa goti. Ukasema ni mtindo mpya. Nikangoja Idi, nikangoja na Idi ya pili. Sikuuliza tena, maana mimi siombi.

Ulipofariki, wiki chache kabla ya Ramadhani, mzee alianza tabia mpya. Kila asubuhi anaenda nyuma ya mabati na kugonga pipa kwa kidole, ngo, ngo, asikie maji yamefikia wapi. Mlango wangu hagongi. Akanifundisha kulitunza. Maji yasishuke chini ya nusu, ili mbao zisisinyae. Sabuni hapana, mbao zinainywa na kuitapika povu mwezi mzima. Brashi na maji matupu, utelezi wa chini utolewe, majivu ya jiko yazolewe, nje lipakwe mafuta ya mbao kabla jua kali halijaanza. Nilifanya yote, Sofia. Nilibeba mitungi. Maji yaliyochoka nilimwagia sukuma wiki, ikanawiri, na unajua watu waliiitaje? Sukuma ya Sofia.

Mwezi uliopita alisafiri kwenda Moyale kununua mbuzi. Nilimsindikiza mpaka langoni na chupa ya chai mkononi, nikingoja aseme neno, hata baki salama tu. Akageuka akasema, "Usiache pipa likauke." Akaenda.

Nilirudi nyuma ya mabati nikavuta kizibo.

Sitakudanganya, nilifurahi. Nilisimama nikitazama maji yako yakikimbia mpaka kwenye shina la mlimao, na kifua kikawa chepesi. Nikaondoa na kifuniko ili jua liingie vizuri. Jua la hapa unalijua, na upepo wake. Siku ya tisa nilikuwa nachambua mchele nikasikia kitu kimeanguka. Mkanda wa chini ulikuwa umeteleza mpaka chini kabisa. Mbao zilikuwa zimeachana, nikaona mlimao kupitia katikati yake. Nikaketi pale pale. Yule mzee hana picha yako, hana mtoto wako, Mungu hakuwajalia. Ana hilo pipa. Na zimebaki siku nne arudi, aligonge, asikie nimefanya nini.

Nikafanya kile mama yangu alichonifundisha. Kibuyu cha maziwa kikipasuka unakifukiza kwa kijinga cha moto, kisha unapaka mafuta ya mkia wa kondoo kwenye ufa, na kinashika. Nikafukiza pipa zima, nikikohoa ndani ya moshi. Nikapaka mafuta kila ufa, kutoka nje na kutoka juu, mpaka mikono ikanuka kondoo. Nikamwita mwenye punda alete maji. Alimwaga mtungi baada ya mtungi, na yote yakatoka pembeni. Akaniuliza kama ninanyunyizia kiwanja. Nilimfukuza.

Jioni hiyo nikakukumbuka. Siku ya kwanza lilipojazwa lilivuja pia, nami nilisimama mlangoni nikicheka, nikasema pesa za mzee hizo zinaenda. Ulisema, "Liacheni linywe. Likishiba litajifunga lenyewe." Na siku ya tatu halikutoa hata tone. Ndipo nikaelewa nilichofanya. Mbao zilikuwa na kiu na mimi nimezipaka mafuta mdomoni.

Ikabidi niyatoe. Nilichemsha maji katika sufuria ya harusi, nikachukua majivu na brashi, na kwa sababu nyufa za ndani huwezi kuzifikia ukiwa nje, nikafunga leso kiunoni nikaingia. Mara yangu ya kwanza, Sofia. Nilisugua tangu asubuhi mpaka adhuhuri, ubao kwa ubao, nikikutukana kidogo kidogo. Mgongo ulipokataa, niliangusha mwili kwenye kile kiti cha chini.

Miguu yangu ikatua sakafuni, kisigino na vidole pamoja. Wewe unajua nilivyo mfupi. Hakuna kiti katika boma hili ambacho nikikalia miguu yangu haining'inii, hata kile cha sebuleni naweka kigoda chini. Hapa magoti yalikaa sawa, na ubao wa nyuma ulinishika pale pale panaponiuma. Mzee wetu huinama kwenye kila mlango. Angekikalia kile kiti, magoti yangemfika masikioni.

Nilikaa humo na brashi mkononi. Nikahisi kamba yako ya katani ikinipita gotini.

Mzee aliporudi alinikuta na maji mpaka kiunoni na pipa linadondoka kila upande. Nilimwambia yote, na kizibo, na furaha yangu pia. Hakugomba. Alilizunguka, akapandisha mkanda mahali pake. Nilitaka kuukaza kwa spana, akanizuia, akasema mbao zikivimba zitaukata. Ndipo nikamuuliza kile kiti cha pili ni cha nani. Akashangaa. "Mimi na maji moto wapi na wapi? Mimi nilikaa nje nikichochea kuni. Hicho ni chako. Alimpelekea Mwiti kamba. Akanikataza nisikwambie, akasema ukijua ni zawadi hutaingia, utaingia siku ukija mwenyewe." Kisha akaketi juu ya mtungi akalia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Ningesema sikuona wivu kwa machozi hayo. Niliona, lakini kidogo.

Ulinijua, Sofia. Hilo ndilo linaloniuma. Miaka yote hiyo nilikuonea wivu kwa ajili ya mume, na wewe ulikuwa unapima miguu yangu. Sasa nina wivu mwingine, mbaya zaidi, kwa sababu huu hauna dawa. Ulikuwa mwema kunishinda, na umeondoka kabla sijakulipa hata kwa kikombe cha chai. Ulikufa ukiwa na Alhamisi zako zote za kuniita, na mimi nikabaki na beseni langu. Nisamehe. Sijui kama maneno yanafika huko, lakini nisamehe.

Pipa lilikunywa siku tano badala ya tatu, kwa sababu ya mafuta yangu. Ubao mmoja bado unanuka kondoo, vumilia. Jana mzee aligonga, ngo, ngo, akanitikisia kichwa. Limejifunga.

Basi lala salama, mke mwenzangu, Mungu akurehemu na akuwekee mahali pasipo na maumivu ya magoti. Nakuahidi halitakauka tena nikiwa hai. Kiti chako cha juu sitakikalia, wala hatakikalia mwingine. Iliki nitaweka, ingawa naona inaharibu wali. Wivu sikuahidi kuuacha, ungejua ni uongo.

Kesho ni Alhamisi. Mzee ameshapasua kuni. Maji yakipata moto, safari hii nitaita mimi. Nitasimama kwenye mlango wa mabati niite jina lako mara moja, ningoje kidogo kama ulivyokuwa ukiningoja, kisha niingie.

Mama Guyo