Ncha ya Mche

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Uholanzi kwenye baridi. Goti la Baba je, bado linatabiri mvua? Mimi ni mzima, ila nikicheka midomo inapasuka.

Nimehamishiwa kwenye kitalu cha maua. Kazi yangu ni kukata ncha. Mche ukishapata majani ya kutosha, naukata kichwa kwa ukucha. Mwanzoni niliona huruma, nikawa naruka ile mizuri iliyonyooka. Basi ile niliyoihurumia ikarefuka tu, bua tupu, na msimamizi akanifokea mbele ya watu. Iliyokatwa ilijaa matawi.

Baadaye alinieleza. Ncha hutoa homoni inayoteremka shinani na kuvilaza vichipukizi vya pembeni. Mizizi nayo hupandisha homoni nyingine ya kuviamsha, lakini ncha ikiwapo, hiyo hulemewa, na chakula kingi huenda juu. Ncha ikiondoka, vichipukizi huamka na chakula hugeuza njia kuvifuata. Kumbe uhai vilikuwa nao siku zote, vimezuiwa tu.

Mama, nilikumbuka ulivyonipigia simu. "Nyathina, mtoto wangu, huyu ndugu yako ako na bibi na mtoto kwa chumba moja hapo Nyalenda. Anataka kujenga hapa nyumbani, lakini atajenga aje na wewe mkubwa hujajenga? Sasa tungoje mpaka lini?" Nilikujibu kwa hasira kwamba nyumba haijengwi kwa maneno.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nangoja nyumba ya mawe, yenye madirisha mapana kama zile za Milimani, ili mpita njia aulize ni ya nani. Mdogo wangu Omondi hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mila yetu siipingi. Mkubwa hutangulia. Lakini hakuna aliyesema lazima atangulie na jumba.

Kwa hiyo nimeomba likizo, nimepewa, nakuja Desemba. Mwambie Baba anipimie kiwanja kando ya lango, vyumba viwili vya udongo na mabati. Nitalala humo hata ukuta ukiwa mbichi. Naona haya kidogo, maana watu watasema mtu wa Ulaya amejenga kibanda. Waache waseme. Ile ya mawe huenda isije kamwe, na nimeshaanza kuizoea fikira hiyo.

Nisalimie Baba, na dada yangu Akinyi na dagaa wake wa omena pale Dunga. Nisalimie shemeji, mke wa Omondi, na umbusu kwa niaba yangu huyo mtoto ambaye sijamwona.

Omondi mwenyewe usimpelekee salamu tupu. Mwambie aanze kutafuta nguzo.

Mwanao wa kwanza,
Otieno