Baba, Wanasema Matope Yale Ni Yako

Baba,

Nimeianza barua hii mara nyingi nikaiacha, na wewe hukupenda mtu anayezungukazunguka. Basi nitasema moja kwa moja. Mbio zako za baiskeli zilifanyika. Zilikwenda vibaya, na lawama wamekutupia wewe.

Ulituacha mvua ikiwa bado haijaanza. Tulikuzika kwenye udongo mkavu, vijana wa klabu wameegemeza baiskeli zao kando ya ua, na Adhiambo wako wa Osiri, yule binti wa klabu, amevaa ile jezi ya kijani uliyomchagulia, analia bila kujifuta uso. Hatujamaliza hata matanga, mbingu zikafunguka. Ilinyesha hapa Awendo, ikanyesha vilimani, ikanyesha mpaka ziwani upande wa Homa Bay. Mama alisimama mlangoni akaangalia maji yanavyokimbia uani, akasema, "Mwalimu angekuwepo, leo hangekaa chini." Mimi nikajipa moyo. Nilijua la kusema kuhusu mvua ulishalisema.

Nilikuwepo siku uliyolisema, Baba. Ni mimi niliyekuwa namimina chai. Ulikuwa umekaa barazani, blanketi miguuni, presha imekunyang'anya nguvu lakini sauti ikiwa bado ile ya uwanjani. Okumu alikuja kukuona, Okumu yule uliyemfundisha shuleni, ambaye siku hizi anafanya kazi na waandaaji wa mbio. Mliongea juu ya njia uliyoichora: kutoka hapa katikati ya miwa, kupanda vilima kwa changarawe, halafu kuteremka kwenye lile bonde la udongo mweusi mpaka ziwa lionekane. Ukamwambia, "Okumu, sikiliza. Kukiwa kukavu, hakuna njia nzuri kama bonde. Mvua ikinyesha, usiteremshe mtu. Wapitishe juu, ile njia ya matrekta. Ni ndefu, lakini ina mawe."

Akasema, "Sawa, Mwalimu. Nitawafikishia."

Ukamwuliza tena, "Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mwalimu."

Hayo ndiyo niliyoyasikia kwa masikio yangu, na sasa hayana mahali pa kwenda.

Mbio zilikuwa Jumapili, jinsi ulivyowasihi, ili wana Sabato wasiachwe nje. Nilikwenda bondeni na vijana wawili wa klabu, tumebeba maji na ndizi. Nilipofika nikaona bendera zimesimikwa kule kule chini. Nilidhani labda wamezisahau. Nikamwuliza askari wa barabarani kama njia imebadilishwa, akanitazama tu. "Mama, mimi nimeambiwa nisimame hapa."

Halafu wakaja.

Udongo ule unaujua kuliko mimi. Utelezi si kitu, shida ni kunata. Magurudumu yalizunguka kidogo, yakajaa, yakagoma. Matope yaliingia kati ya tairi na fremu mpaka baiskeli ya mtu ikawa nzito kama gunia la mahindi lililoloa. Walizibeba mabegani. Gia za nyuma zilivunjika, minyororo ikakatika. Mtu anavuta mguu, kiatu kinabaki chini. Nilimwona mama mmoja mgeni amekaa katikati ya bonde anakwangua matope kwa bua la muwa, anacheka, kisha nikaona hacheki tena. Juu yetu kamera za kuruka zilikuwa zinavuma kama nyuki.

Adhiambo alifika akiwa na wale wa mbele. Alivua viatu akavifunga shingoni, akainua baiskeli, akaanza kutembea. Hakukimbia hata mara moja. Alitembea kama anayepeleka maji nyumbani, na mmoja baada ya mwingine akawaacha nyuma, wanaume kwa wanawake. Alikuwa wa kwanza kutoka upande wa pili. Ungemwona, Baba. Huko ng'ambo alikuta watu wa waandaaji wenye bendera nyekundu. Wakamwambia mbio zimesimamishwa, njia haipitiki, hakuna mshindi.

Nilipomfikia alikuwa amesimama bado ameibeba baiskeli, kama vile hakuna aliyemwambia aishushe. Akaniuliza, "Dada, sasa mimi nimekuwa nani?"

Nikamsaidia kuishusha baiskeli.

Jioni hiyo picha zilikuwa kila mahali. Adhiambo hakuwemo. Walionyesha mzungu mmoja ameanguka kifudifudi, anainua uso mweusi tii na kusema kwamba aliyechora njia hii anachukia baiskeli. Watu walicheka, wakatumiana. Kwenye taarifa ya habari mwenyekiti wa waandaaji akaulizwa kwa nini njia haikubadilishwa. Alivaa miwani, akashusha sauti kama yuko matangani, akasema, "Njia hii ilichorwa na marehemu Mwalimu. Tuliona si heshima kugusa kazi ya mtu ambaye ametangulia."

Nilikaa pale nikitazama simu. Walikuwa wamekufanya wewe ngao, na ngao haisemi.

Asubuhi yake redio ilifungua simu kwa wasikilizaji. Mmoja alisema wazee wastaafu waachiwe mbuzi. Mwingine alisema huenda ulikuwa mgonjwa wa kichwa mwishoni. Mama alikuwa nje anaanika nguo. Nilitoa betri kwenye redio, nikamwambia imeharibika. Bado anangoja fundi.

Nilikwenda Homa Bay kumtafuta Okumu. Alinipeleka nyuma ya ofisi, mahali watu hawapiti. Hakunificha kitu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alisema, "Dada, naongea na wewe kama ndugu. Niliwaambia vile Mwalimu alisema. Niliwaambia mara mbili. Wakasema watu wa televisheni wameshapanga kamera bondeni, kwa sababu ziwa linaonekana nyuma vizuri. Kule juu kwa matrekta hakuna picha."

Nikamwambia, "Basi sema hivyo. Useme tu hivyo."

Akatazama viatu vyake. "Nina watoto shuleni. Ukiniita mbele ya watu, nitasema sikumbuki."

Nilitaka kumchukia. Lakini ulimpenda, na alipokuwa anasema alikuwa ameweka mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Nikaondoka. Njiani nilikuwa nikitafuta maneno makali ambayo ningemwambia, na kila nililolipata lilikuwa limechelewa.

Nikajaribu redio yenyewe, kule Migori. Walinikaribisha vizuri, wakanipa soda, wakanikalisha mbele ya maikrofoni. Nikaeleza yote ila jina la Okumu. Mtangazaji akaniuliza nani mwingine alisikia. Nikainua chupa ya soda nikanywa. Msikilizaji wa kwanza akapiga simu, sauti ya mzee, mpole tu, akasema, "Binti, pole. Lakini huyo si baba yako? Ungesema nini kingine?"

Baba, nilijua jibu lipo. Lakini machozi yakatoka kwanza, na hayo machozi ndiyo waliyoyachukua. Kesho yake kichwa cha habari kwenye simu za watu kilikuwa "Binti wa Mwalimu Alia Redioni". Maneno yako kuhusu njia ya juu hayakuwemo hata mstari mmoja.

Kanisani mzee mmoja alinishika bega akasema ninyamaze, Mungu anajua. Ninaamini anajua. Lakini Mungu hapigi simu redioni.

Sasa sikiliza lililotokea baadaye, maana hili hata wewe usingelidhania. Yale matope yamekuwa maarufu. Watu wa mbali wameandika kwamba wanataka kuja kuyaonja. Wageni wanajiandikisha kwa mbio zijazo kwa wingi kuliko mwanzo, wengine wanasema mbio bila matope si mbio. Waandaaji wameacha kuomba radhi. Wamechapisha fulana zenye picha ya gurudumu lililojaa tope, na bondeni wanataka kusimika bango: Matope ya Mwalimu. Wanaliita heshima. Wametuma ujumbe tuje kama familia, Mama ndiye apeperushe bendera ya kuanza.

Waliuleta mezani kwake wenyewe, na mkate na majani ya chai. Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi nilimkuta Mama amekaa wima, uso umefunguka jinsi ambavyo sijauona tangu tukuzike. Akaniambia, "Nyathina, mwanangu, wamemkumbuka baba yako. Wamempa bonde zima." Tayari alikuwa ametoa kitambaa chake cha buluu apeleke kwa fundi cherehani.

Ningemwambia nini? Kwamba jina lako wanalitundika juu ya kosa lao? Nikisema, namnyang'anya furaha pekee aliyopata mwaka huu. Nisiposema, nakuacha wewe peke yako bondeni. Nikaenda jikoni nikasonga ugali, na ulitoka na madonge.

Adhiambo alikuja Sabato iliyopita. Siku hizi anamsaidia mama yake kuponda mawe ya dhahabu, na jioni anaendesha baiskeli mpaka giza. Nilimwuliza kama atashiriki tena. Akasema atashiriki, kwa sababu baiskeli ndiyo kitu anachojua. Nikamwuliza kama hana hasira. "Ninayo," akasema. "Sijui tu niiweke wapi." Tukamenya maharagwe.

Baba, nilitaka kukuandikia nikiwa nimeshinda. Nilitaka kusema nimewasimamisha wote mbele ya watu na Okumu amesema, na mwenyekiti ameinamisha kichwa. Haikuwa hivyo. Nimejaribu kila mlango nilioufahamu, na nyuma ya kila mlango kulikuwa na mtu mstaarabu aliyenipa soda.

Siku ya mbio nitakwenda na Mama. Nitamshika mkono ili asiteleze. Watapiga makofi, kamera zitakuja karibu, naye atatabasamu na kupeperusha bendera, na mimi nitatabasamu kando yake. Uliyemwachia nyumba ni yeye, na sitamharibia siku yake. Unisamehe kama ulitarajia zaidi.

Lakini nakuahidi dogo hili, maana kubwa limenishinda. Kila mtoto wa klabu atakayeuliza kwa nini bonde lina jina lako, nitamkalisha chini nimweleze ulivyosema siku ile barazani, neno kwa neno, na nitamwambia pia kwamba sina shahidi. Aamini au asiamini. Na Mama atakapokuja huko kwako, mweleze wewe mwenyewe, polepole, kwa ile sauti yako ya jioni. Mimi sikuweza.

Pumzika, Baba. Leo pia imenyesha.

Binti yako,
Achieng'