Sahani Niliyojificha Nayo Jikoni

Tusajigwe mjukuu wangu, ugonile, umeamka salama? Huku Masoko mvua haikatiki, migomba imelala, na magoti yangu yamechoka.

Unauliza kwa nini wenzako huko chuoni hawakuzoei. Nilipokwenda Tanga kusomea ushonaji, familia iliyonipokea ilikula pamoja mkekani, baba, mama na watoto. Kwetu binti hakula mbele ya wanaume wazima, basi nikawa nachukua sahani yangu najificha jikoni. Mimi niliona ni heshima, wao wakadhani nawadharau. Siku ya nne mama mwenye nyumba akaja na sahani yake, akakaa sakafuni karibu yangu, akala. Kesho yake nikamfuata mkekani.

Mama yako ananiambia huko chuoni unakula chumbani, umefunga mlango. Bibi yako nimechoka, siwezi kuja kukaa nawe sakafuni. Toka na sahani yako, mama.