Funguo za Wanaokwenda Kwao

Jumatatu, tarehe 22 Desemba. Waithaka. Mchana jua kali, jioni hii kaubaridi. Moyo mzito.

Shajara, leo nina habari ambayo kwa mtu mwingine yeyote ingekuwa njema. Nimepewa likizo.

Miaka sita nimeishi Nairobi na sijawahi kupata likizo ya Krismasi. Mimi ni fundi wa mitambo ya kuchapa, na duka letu pale Ngara hula Desemba kwa kalenda. Kalenda za makanisa, za maduka ya mbao, za vyama vya akiba, za shule. Hadi mkesha huwa nina wino kwenye kucha. Ndugu zangu kule Rombo wanakata nyama, mimi huku nakata karatasi. Sikuwa nasingizia. Nikisema kazi imenibana, ilikuwa imenibana kweli.

Mwaka huu mtambo umenyamaza. Watu wanaangalia tarehe kwenye simu, kalenda ya ukutani wanaitaka wazee. Leo asubuhi Mzee Jasbir, mwenye duka, alisimama karibu na mashine akiipapasa kama mtu anayempima ng'ombe homa. Mzee huyu kazaliwa Ngara, ghorofa ya juu ya duka hilohilo, na sijawahi kumsikia akimpa mtu ruhusa kwa hiari yake.

"Prosper, wewe enda nyumbani," akasema. "Hii mwaka kazi hakuna. Mashine ikae, lakini wewe usikae na yeye. Mama iko?"

"Yupo, Mzee."

"Basi enda ona mama. Kuja January."

Nilitakiwa kufurahi. Nikanawa mikono, nikachukua kalenda mbili, nikatoka, na nilipofika barabarani nikagundua naogopa.

Nilikatiza mjini kwa miguu kwa sababu sikuwa na haraka ya kufika popote. Wiki hii Nairobi yote ina swali moja tu: unaenda lini? Mlinzi wa duka la nguo anamuuliza muuza miwani. Mama wa matunda anamuuliza askari wa kanjo, yaani wa jiji, yule yule anayemkimbiza siku nyingine. Niliingia kwenye kihoteli nikaagiza chai. Mhudumu akamuuliza aliyekaa kulia kwangu, "Unaenda ocha lini?" yaani kijijini kwao. Akamuuliza na wa kushoto. Akanigeukia mimi, akaniuliza kama naongeza mandazi.

Nikaongeza. Nifanyeje.

Nadhani wanaisikia lafudhi yangu na kuamua kwamba kwetu ni mbali mno, au hakupo. Kumbe Barasa, mtunza jengo letu, akienda Bungoma anavuka nusu ya nchi. Mimi nikipitia Loitokitok, mchana niko mpakani Tarakea, jioni nakunywa chai kwa mama. Mlima unaoonekana kutoka kwetu ndio huohuo watu wa hapa hupanda juu ya mapaa kuutafuta asubuhi ikiwa hakuna mawingu. Ningekuwa nimetoka Kanada ningejihurumia kwa raha zaidi.

Basi, nieleze mambo ya funguo, maana ndiyo yaliyonimaliza leo.

Jengo letu ni dogo, nyumba nane, ukitoka Dagoretti Corner unashuka hadi Waithaka, unaingia ndani kidogo. Desemba yangu ya kwanza, Mama Wambui wa mlango wa jirani aliona sijafunga begi. Akaniletea ufunguo wake. "Bongo, si wewe uko tu?" akasema. Bongo ndilo jina langu hapa, kwa kuwa natoka Tanzania; nadhani jina la Prosper wanalijua Mzee Jasbir na watu wa kodi peke yao. Mwaka uliofuata Mwalimu Akinyi naye akaja, halafu yule kijana wa juu, Kevo, ambaye hupiga muziki kwenye maharusi. Sasa imekuwa desturi ya jengo. Mtu akikaribia kusafiri hupita kwangu kama anavyopita dukani kununua sabuni.

Na si ufunguo tu. Mtu akizima friji, vilivyomo huja kwangu. Wiki hii nimekula nusu kabichi ya Mwalimu Akinyi, maziwa ya Mama Wambui, na sufuria ya maharagwe ya mtu wa chini ambaye hata jina lake silijui vizuri. Juzi Kevo aliniletea mayai mawili na ufunguo uliofungwa kwa kamba ya kiatu.

"Bongo, niaje. Nishikie hii key, buda. Narudi Jan. Hizo mayai kula, zitaharibika bure."

"Safari njema," nikamwambia.

"Poa. Si wewe uko tu?"

Hawana ubaya. Wananiamini na vitanda vyao, televisheni zao, nguo zao za ndani zilizoanikwa bafuni. Mtu akiniamini kiasi hicho namnunia vipi? Lakini kuna siku nilitaka mmoja wao, mmoja tu, asimame na ufunguo mkononi aniulize, "Na wewe je?"

Leo niliporudi nilimkuta Barasa kwenye ngazi, begi mgongoni, mfuko wa mkate na majani ya chai mkononi. Hata yeye. Alinipa ufunguo wa geti, ufunguo wa chumba chake na ufunguo wa chumba cha pampu.

"Maji ya kanjo inakuja Friday asubuhi," akasema. "Unawasha pump, inajaa, unazima. Na usisahau kumwagilia sukumawiki za Mama Wambui, aliniambia nikukumbushe."

"Barasa, mimi nimepewa likizo."

"Eh! Sasa utapumzika vizuri!" Akacheka, akanipiga bega, akashuka.

Nilibaki nimesimama pale na kalenda zangu kwapani.

Sasa niandike la nyumbani, hata kama sitaki.

Kwetu mbuzi wa Krismasi hagawiwi ovyo. Kila mtu ana fungu lake la nyama kwa jinsi alivyozaliwa, na baba alipofariki kazi ya kugawa ilibaki kwa mama na wazee wa ukoo. Mimi ni kifungua mimba, nina langu. Desemba ya kwanza niliposhindwa kwenda, mama alilikausha juu ya moshi jikoni, akalifunga kwa jani la mgomba, akamkabidhi dereva wa basi. Lilifika hapa likinuka jiko letu. Nikalila peke yangu, kidogo kidogo, bila kumwonjesha mtu. Mwaka wa pili aliniambia kwenye simu kwamba limekauka vizuri, linaning'inia, linanisubiri. Mwaka wa tatu hakulitaja. Nami niliona haya, mtu mzima kuulizia nyama kwa simu.

Mwaka jana mdogo wangu Deo alituma picha kwenye grupu la familia. Mwanawe amelishika fungu langu kwa mikono miwili, midomo inang'aa mafuta, anacheka. Mtoto hana kosa. Mzuri kweli, amefanana na baba. Niliitazama picha hiyo mpaka simu ikazima yenyewe.

Mimi huwa natuma kalenda. Kila mwaka mbili, ya mama na ya kanisani, kwa basi hilohilo. Mama huitundika sebuleni, juu ya redio. Felista, mdogo wetu wa mwisho, aliwahi kunisimulia kwamba mgeni akiuliza Prosper yuko wapi siku hizi, mama huonyesha kalenda kwa kidole na kuendelea na shughuli zake.

Grupu limechangamka tangu mwezi uanze. Nani analeta mchele, nani analeta soda, mbege, pombe yetu ya ndizi, itapikwa kwa nani. Jana Felista akaandika nani atalala wapi. Chumba cha mbele, ambacho kilikuwa changu, wakwe wa Deo. Chumba cha mama, mama na watoto wa kike. Sebuleni vijana. Nikasoma tena toka juu nikitafuta jina langu, nikidhani limejificha katikati ya watoto.

Hakuna aliyeniambia nisije. Hakuna aliyeniambia nije. Wamepanga tu, kama anavyopanga mtu anayejua idadi ya vikombe vyake.

Sitaki kuwalaumu. Mtu ukimwita mara tano hakuja, ya sita unafunika chungu.

Leo, baada ya Barasa kuondoka, nilikaa kitandani nikaandika kwenye grupu: "Nimepata likizo. Nakuja Krismasi. Nalala wapi?"

Nikaona wanasoma, mmoja baada ya mwingine. Felista akawa wa kwanza kujibu.

"Kaka Prosper, umekosea grupu?"

Na vile vikatuni vya kucheka, safu nzima. Deo akaandika, "Bro acha utani, utamtia mama presha." Halafu mtu akatuma picha ya mbuzi, wakaanza kubishana kama amenona au ni manyoya, na ujumbe wangu ukapanda juu, ukapotea.

Sikuandika tena. Nilijisikia kama mtu aliyeingia kwenye harusi kwa kukosea mlango. Nililia kidogo, shajara. Si sana. Kwa mwanaume wa kwetu kilikuwa kilio kingi.

Nikampigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Prosper. Umekula?"

"Nimekula."

"Kalenda mwaka huu unampa nani? Yule dereva nasikia ameacha kazi."

"Naileta mwenyewe, mama."

Nikasikia kuku, nikasikia mtu anaburuta kiti sakafuni, nikasikia watoto wa Deo, ambao wameshafika, wanagombania kitu. Nilifikiri simu imekatika.

"Mama?"

"Usinipe moyo, baba," akasema. "Mimi nilishazoea."

"Kweli mama, nimepewa likizo."

"Haya. Ukija, nitamshukuru Mungu. Usipokuja usihangaike kupiga simu kuomba radhi. Nilishazoea." Halafu akaniuliza kama Nairobi kuna mvua, nikamwambia hakuna, akaniaga vizuri kabisa.

Ningependa angenifokea. Ningependa angesema wewe mtoto umenitupa, njoo upesi kabla sijakulaani. Mama yangu ana mdomo. Soko zima la Mkuu, kule Rombo, linaujua. Lakini leo alizungumza na mimi kwa adabu, kama anavyozungumza na mgeni wa kanisa. Watu saba hapa wameniachia milango yao bila kunihoji, na mama aliyenizaa hawezi kuniamini kwamba nitapanda basi.

Nikafunga begi. Nikalifungua. Nikalifunga tena, kalenda nikazilaza juu zisikunjike.

Nikaanza kujitafutia sababu. Pampu ya Ijumaa itawashwa na nani? Kisha nikajibu mwenyewe: tangi likijaa, maji atayatumia nani, na jengo halina mtu? Sukuma za Mama Wambui zimeshakuwa ngumu, hata mbuzi atazikataa. Ukweli ni kwamba nikiondoka hakuna kitakachoharibika. Ni hilo lililoniumiza kuliko vikatuni vya Felista. Nimejiona mlinzi wa mji mwezi mzima, kumbe nilikuwa nalinda kabichi.

Na kule nikifika? Deo atawatoa wakwe chumbani, watanichukia kwa heshima. Nyama itabidi igawiwe upya, mtoto anyang'anywe fungu alilokwisha kulizoea. Nitakaa kwenye kiti huku watu wakinizunguka kama kabati lililowekwa pasipo pake. Au pengine mama atanitazama tu. Hilo la mama kunitazama ndilo ninaloliogopa na ndilo ninalolitaka.

Nikasema liwalo na liwe. Basi la Loitokitok ni asubuhi.

Hapa mtu hasafiri bila kumwachia mwenzake ufunguo. Itokee moto, itokee bomba limepasuka, ijulikane nani wa kufungua. Kwa hiyo, bila kufikiri, nikachukua ufunguo wangu nikatoka kwenye korido kutafuta mtu. Nikagonga kwa Mama Wambui. Nikagonga kwa Mwalimu Akinyi, nikasikiliza. Nikashuka kwa yule wa maharagwe. Nikapanda juu kwa Kevo, nikagonga, nikaita jina lake, nikagonga kwa nguvu zaidi maana yeye huvaa vile vya masikioni.

Nilikuwa nimeinua mkono kugonga mara ya tatu ndipo vitu vikagongana mfukoni mwangu. Nikaingiza mkono. Ufunguo wenye kamba ya kiatu. Wa Mama Wambui, wenye utepe mwekundu. Zote nilikuwa nimezibeba. Nilizunguka jengo zima nikibisha hodi kwenye milango ambayo funguo zake ninazo mimi.

Nimerudi chumbani. Begi liko mlangoni, na ufunguo wangu uko hapa mezani karibu na funguo zao.

Kesho asubuhi nitaondoka, kama kuna mtu atakayeniuliza naenda lini.