Kifua cha Mtu wa Mkono

Jumanne, 4 Machi. Kendu Bay
Zege tangu saa moja asubuhi. Bweni la shule, slabu ya juu. Mimi ni mtu wa mkono: nachanganya, napandisha karai, fundi anamwaga. Saruji imenila vidole tena. Omondi, nyapara wetu, amesema kazi hapa inaisha wiki hii. Jumatatu wote tunahamia Migori, jengo la ghorofa tatu. Asiyekuwa kwenye lori, nafasi yake anapewa mwingine. Nitakuwamo.

Moraa, mke wangu, alifika jana kutoka Nyamira kuniona. Mimba ya miezi saba, na bado akapanda gari. Ameleta ndizi na mboga za kwetu. Nimefurahi. Sikumwambia.

Jumatano, 5 Machi. Homa Bay
Moraa alishikwa na uchungu asubuhi akifua shati langu. Damu nyingi. Mwenye nyumba alitukimbiza kwa gari lake mpaka hospitali hapa mjini. Wamempasua. Mtoto ametoka hai. Msichana. Hafiki kilo moja na nusu.

Nimemwona. Ana uso wa mzee. Mguu wake ni kama kidole changu cha gumba. Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Moraa bado hajui yuko wapi.

Alhamisi, 6 Machi
Muuguzi wa watoto ni Sista Akinyi. Mnene, haraka, hana maneno ya bure. Alinijia: "Baba mtoto, vua shati."

Nilidhani anataka kunipima. Kumbe mtoto wa mapema hukaa kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana kutwa, apate joto asife. Mama yake hana nguvu za kuketi. Nikasema kwetu wanaume hawafanyi hivyo.

"Kwenu wanaume hawana ngozi?"

Akina mama wote wodini walicheka. Nikavua.

Alinirudisha bombani mara tatu nijisugue saruji. Akanikata kucha yeye mwenyewe. Akamweka mtoto hapa, kati ya matiti yangu yasiyo na kazi, kofia kichwani, miguu kama ya chura, akatufunga kwa leso. Uzito wa mkate. Mimi nimebeba mawe miaka ishirini na mgongo haujawahi kutetemeka. Leo ulitetemeka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepanga hivi. Mama yangu aje Jumapili, ambebe mtoto badala yangu. Mimi Jumatatu niwe kwenye lori. Mama hana simu, kwa hiyo nimemtumia binti wa jirani ujumbe wa simu amsomee: "Mtoto amezaliwa mapema. Baba anambeba kifuani mchana kutwa. Tunakungoja." Nimeandika kwa Kiswahili. Kikisii sikufundishwa kuandika, na darasa la sita ndilo la mwisho kwangu.

Saa sita mtoto aliacha kupumua. Hakulia, hakuruka. Aliacha tu, kama mtu aliyesahau. Midomo ikageuka rangi. Sista alikuwa amenionyesha, nikampiga unyayo kwa kidole, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akavuta hewa. Sista alipofika alikuta tumeshamaliza, ila mimi nalia waziwazi mbele ya wake za watu.

Alisema wengi wa watoto wa mapema husahau hivyo, hata mara kadhaa kwa siku. Kazi yangu ni kumkumbusha.

Jumamosi, 8 Machi. Sabato
Jibu limekuja. "Bibi anamshukuru Mungu sana. Anasema maadamu baba anambeba, yeye atakuja akimaliza kupalilia."

Kupalilia! Nimekasirika mpaka mtoto akashtuka. Mama aliyenilea, aliyetembea kutwa kunipeleka zahanati mgongoni, leo anachagua magugu? Nimejaribu kupiga, simu ya jirani imezimwa.

Omondi naye amepiga. Habari zimefika Kendu Bay. Yeye ni Mjaluo, huniita Jakisii, yaani Mkisii. "Jakisii, nasikia unaatamia. Utaangua lini?" Nyuma yake nikasikia mafundi wakicheka. Nikamjibu, "Bado." Nilikuwa na aibu. Nusu saa hivi. Halafu nikakumbuka Yesu mwenyewe, alipoulilia mji ule, alijifananisha na kuku na vifaranga chini ya mbawa. Hakuchagua simba siku hiyo. Aibu ikaisha.

Leo amesahau kupumua mara mbili.

Jumapili, 9 Machi
Nimeelewa. Mimi ni mjinga.

Kwa Kikisii, neno baba maana yake ni mama. Baba mzazi tunamwita tata. Yule binti alimsomea mama ujumbe wangu neno kwa neno, na mama, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, akasikia neno lake: Baba anambeba. Mama wa mtoto anambeba. Kwa hiyo kwake Moraa ni mzima, ameketi, ana mtoto kifuani. Kwa nini asipalilie?

Nilicheka. Mtoto akapanda na kushuka juu ya kicheko changu kama yuko ziwani.

Kosa hili nalijua. Ni langu la zamani. Darasa la kwanza tulifundishwa kusali Baba Yetu, na mimi nilisali kwa bidii mwaka mzima nikijua mbinguni kuna mama. Mwalimu aliponiuliza Mungu ni nani, nikajibu ni mama yetu sote. Nilichapwa, darasa likacheka. Tangu hapo nikamgeuza awe kama tata wangu, mtu wa kufoka, anayerudi jioni kuuliza nani amekosa. Nimemtumikia hivyo miaka thelathini na tano. Nimemwogopa sana. Kumpenda, sijui.

Sasa huyu hapa. Hajui jina langu. Hajawahi kunitii, wala kuniasi. Hana wema wowote wa kunionyesha, na akisahau hata kuvuta pumzi simkasirikii, namgusa unyayo. Simpendi kwa sababu ya kitu. Ni wangu, basi. Upendo huu sikuutengeneza mimi. Mimi natengeneza zege. Umetoka kwake aliye juu, umepita kwangu kama maji kwenye mpira wa bustani. Na kama mpira una maji kiasi hiki, kisima kikoje?

Sitaki tena kumwogopa Mungu kwa namna ile. Nimemwambia.

Jumatatu, 10 Machi
Lori limekwenda Migori. Omondi alipiga kutoka Rongo, mara hii bila mzaha. Aliuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akaniambia niwasalimie, akakata.

Kazi nitapata nyingine. Kifua kingine huyu hana.

Mchana nimempata mama kwenye simu. Nilimweleza kwa Kikisii: si Moraa, ni mimi. Nilidhani ataona aibu kwa ajili yangu. Lakini akacheka, kicheko chenye machozi, akasema kwa lugha yetu, "Basi wewe ndiwe baba yake." Nilitaka kumwambia na yale ya darasa la kwanza. Nimeyaweka mpaka aje. Anakuja kesho na gari la kwanza, magugu yakue.

Moraa ana homa. Daktari amebadilisha dawa.

Jumanne, 11 Machi
Mama amefika. Alisimama mlangoni akatutazama muda mrefu. Hakuomba kumchukua mtoto. Akaenda kumwosha Moraa.

Mtoto hakusahau kupumua hata mara moja leo.

Alhamisi, 13 Machi
Homa ya Moraa imeshuka. Ameketi. Asubuhi Sista Akinyi alifungua leso, akamtoa mtoto kwangu, akamlaza kwa mama yake. Mtoto akalia, sauti nyembamba lakini sauti. Halafu akatafuta, akapata, akanyonya. Gramu sitini ameongeza. Moraa alinitazama juu ya kichwa cha mtoto.

Nikavaa shati. Lilikuwa geni.

Nikatoka nijinyooshe. Kwenye benchi la ukumbini kulikuwa na kijana wa Magunga, mwalimu kwa mavazi yake, viatu vinang'aa. Mke wake amejifungua jana, mapema kama wetu, na hajaamka. Sista alikuwa amesimama mbele yake na mtoto kwenye shuka, kijana amekunja mikono, anasema atamvunja mtoto, aitwe mwanamke.

Niliketi kando yake. "Vua shati, mwalimu," nikamwambia.

Vifungo vilimshinda. Nikavifungua mimi, kimoja kimoja, nikamwekea mtoto, nikamfunga leso.

"Sasa egemea nyuma," nikamwambia. Akaegemea.