Siku Nne za Maji Baridi

Shoga, nimeumbuka.

Si unajua tuling'oa lile tangi la maji moto, fundi akatufungia hita isiyo na tangi? Ile haiwaki mpaka ufungulie maji kwa nguvu.

Sasa mama mkwe, kwa adabu zake za ugeni, anafungulia kidogo tu asitumalizie maji. Kaoga maji baridi siku nne. Siku nne, na kimya!

Leo namkuta kafunga begi. "Mwanangu, ungeniambia tu mmenichoka, kuliko kunizimia maji moto."

Nikamvuta bafuni, nikafungulia mpaka mwisho. Mvuke ukajaa. Akanitoa nje, akafunga mlango.

Saa nzima.

Alikuwa aondoke Jumapili. Sasa katundika nguo zote kabatini, ananiuliza ufunguo wa kabati uko wapi.