Kwenye Boti Walijua Wote Isipokuwa Mimi

Mama,

Nimekasirika. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu utadhani yameisha, na hayajaisha. Huu ni mwezi wa nne. Kanisani kina mama wananiambia nimshukuru Mungu kwamba hukuteseka sana, nami naitikia amina huku nimeuma meno. Chumba chako hapa nyumbani kwangu Rooty Hill kiko vilevile, vitenge vyako bado viko juu ya kiti. Sijavigusa kwa hasira, usifikiri ni mapenzi.

Acha nikusimulie ile safari ya boti, maana wewe ndiye uliyenisukuma niende. "Nenda umuone kaka yako Uingereza, miaka kumi na miwili hamjaonana. Mimi nitakaa na mama mchungaji." Haya, nikaenda. Kaka Bahati akakodi boti ya wikiendi, zile ndefu nyembamba za kwenye mifereji, zenye jiko ndani na vitanda ambavyo ukigeuka tu uko chini. Tulikuwa watatu: yeye, wifi Solange na mimi. Ile boti inakwenda polepole mpaka vizee wenye mbwa walikuwa wanatupita kwa miguu kando ya maji. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Ijumaa tulipokuwa tunapakia vyakula, simu ya Bahati iliita. Akaenda kuipokelea nyuma ya gari. Aliporudi akasema ni watu wa kazini. Kumbe ndiyo simu ya kwamba umeanguka bafuni na ambulansi imekuchukua.

Sasa nisikilize vizuri, Mama. Ulikaa hospitali siku nzima ukiwa na akili zako. Ulikuwa unaongea. Bahati aliongea na wewe Jumamosi asubuhi, akitembea peke yake kwenye njia ya kando ya mfereji, na mimi niko ndani nakaanga mandazi, namuona dirishani. Nikamwambia wifi, "Huyu na kazi yake, hata wikiendi hawamwachi?" Wifi akainamia vitunguu, machozi yanamtoka. Nikajua ni vitunguu.

Na ni wewe uliyemkataza. Alikiri kwangu baadaye. Alitaka kuja ndani kunipa simu, ukamwambia, "Musimwambie Neema. Mumuache amalize matembezi yake." Matembezi gani, Mama? Nani alikuomba unilindie matembezi? Nilikuwa hatua thelathini kutoka kwenye sauti yako. Angekuja tu akaniwekea simu sikioni. Hata ungesema neno moja. Hata ungenigombeza.

Siku hiyo niliendesha boti mimi. Bahati, mtu ambaye hata rimoti ya televisheni hakuachii, alinipa usukani nusu siku nzima. Niliigonga ukingoni mara tatu, hakusema kitu. Samaki mkubwa aliwekewa nani? Mimi. Ukoo wetu huu wa mabishano, na hakuna aliyenibishia tangu asubuhi mpaka jioni. Nikajiona napendwa. Kumbe nilikuwa nafiwa.

Kuna mahali maji yanashuka ngazi, inabidi uteremke ukafungue mageti makubwa ya mbao, unayasukuma kwa mgongo. Nilipiga picha pale, nimeegemea geti, meno yote nje, nikakutumia: "Mama, ona mwanao amekuwa nahodha." Baadaye nililinganisha saa. Ulikuwa umekata roho nusu saa kabla.

Najua ulikoitoa desturi hii. Nilikuwepo. Kule kambini Kigoma, tulipokuwa wakimbizi, jirani yetu alipofiwa na mume, wewe ulimfuata kwenye kuni, ukambebea mzigo, mkarudi mnapiga soga za maharage, na kifo cha mume wake umekifungia mdomoni njia nzima. Nilitembea nyuma yenu. Ulinieleza usiku ule kwamba mtu haambiwi akiwa njiani, ataanguka, kwanza afike kwake, akae, watu wawepo. Nilikuona shujaa. Lakini ile ilikuwa njia ya saa moja, na yule mume alikuwa ameshakufa. Wewe ulikuwa hai, Mama. Ulikuwa hai na simu ilikuwa inashika.

Jumapili jioni tukarudi nyumbani kwa Bahati. Viatu vimejaa mlangoni. Nikafikiri wameniandalia sherehe ya kuniaga, maana Jumatano ningepanda ndege. Niliingia nacheka. Nikasema, "Jamani, kumbe mnanipenda hivi?" Ndipo nikaona makochi yametolewa na godoro limetandikwa chini sebuleni. Hapo hakuna Mkongo anayehitaji kuelezwa kwamba kuna msiba. Nikauliza tu, ni nani. Bahati akashindwa kulitaja jina lako.

Nimesharudi kazini St Marys, kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee. Kule mzee akiteleza kitandani, hata asipochubuka, tunampigia mwanawe papo hapo. Awe kazini, awe likizo, anapigiwa. Miaka saba nimewapigia watoto wa watu. Siku hizi nikishika ile simu ya ofisini naiweka chini kabla sijabonyeza namba, na msimamizi wangu anadhani ni uchovu wa shifti.

Lakini kuna jambo limenifanya nikuandikie leo, na ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu humo hasira haikuhusu wewe peke yako.

Mdogo wako, Mama Mdogo Esta, bado hajui. Ukoo uliamua, kwamba ana presha, yuko peke yake kule kambini, asubiriwe mpaka mmoja wetu asafiri akamwambie uso kwa uso. Nani atasafiri na lini, hakuna anayesema. Kila Jumapili anapiga simu. Mimi nasema umelala. Nasema umeenda kliniki. Mimi, Neema, mwenye hasira zote hizi.

Jumapili iliyopita akaniambia, "Kama amelala usimuamshe, muwekee simu kwenye sikio, nitasema naye hivyo hivyo." Nikaenda chumbani kwako, Mama. Nikaweka simu juu ya mto wako. Akaongea na ule mto dakika kumi. Alikuimbia. Alikuomba msamaha kwa mambo ya usichana wenu ambayo sikutakiwa kuyasikia. Nilisimama mlangoni kama mwizi, nikamwelewa Bahati alivyokuwa anajisikia kule kando ya maji, na sikutaka kumwelewa.

Basi nakuahidi hivi, upende usipende. Kesho nitampigia yule nesi anayekaa mlango wa pili naye, aende akae pale, amshike mkono. Kisha nitamwambia Mama Mdogo mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba umekufa, na lini, na kwamba nilimdanganya. Na ule mto nitamwambia pia. Ukoo unigombeze unavyotaka.

Pumzika, Mama. Nakupenda na nimekukasirikia, vyote viwili, na sijui kimoja kitaisha lini. Akilia kesho sitakata simu. Nitalia naye mpaka achoke yeye kwanza.

Mwanao,
Neema